Mashine ya Amana: Historia ya Kerezo Moja la Bwesumbu

Desemba iliyopita, nilipokuwa nyumbani Bwesumbu kwa likizo, alipita mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake. Alikwenda nyumba kwa nyumba akiulizia sufuria zilizotoboka, mabati ya zamani na rimu za baiskeli. Alipofika kwetu, macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye kibanda tunachokaushia kahawa. Ndani yake, chini ya magunia, kulikuwa na kitu ambacho sisi wajukuu tulikiita siku zote "mashine ya babu". Aliigonga kwa fundo la kidole, akasikiliza mlio wake, akataja bei ya kilo. Baba mdogo alikubali papo hapo. Karo yangu ya muhula ilikuwa na deni, na fedha za kahawa zilikuwa zimekwisha.

Bibi alikuwa kizingitini anachambua maharage. Alisema bila kuinua kichwa, "Hiyo haiuzwi. Si yetu."

"Mama, imekaa hapa miaka hamsini," baba mdogo akamjibu. "Kama si yetu, ni ya nani?"

"Ni ya Singa. Marehemu baba yenu aliwekeshwa tu."

Mnunuzi aliondoka na mizani yake. Baba mdogo alikaa siku mbili bila kunisemesha, kana kwamba mimi ndiye niliyemzuia. Siku ya tatu aliniambia, "Wewe unasoma historia. Basi niambie mashine hii ni nini, na kama bado inaweza kufanya kazi. Kama haiwezi, ni chuma tu, na chuma kitauzwa."

Insha hii ni jibu langu kwake. Nilidhani nilikuwa na kazi mbili tofauti, ya kutafuta historia ya mashine na ya kuiwasha. Baada ya wiki tatu za mafuta ya taa na msasa niliona kuwa kazi ilikuwa moja, kwa kuwa kila nati niliyoifungua ilinirudisha kwenye swali la nani aliifunga, lini, na kwa nini.

Kwanza nieleze mashine yenyewe. Ina urefu wa mtu aliyelala. Kitanda chake ni nondo moja nene ya chuma iliyolazwa juu ya miguu miwili ya chuma cha kusubu. Upande wa kushoto kuna kichwa chenye mhimili unaozunguka. Upande wa kulia kuna mkia, ambao husogezwa kulingana na urefu wa ubao. Hadi hapo ni kerezo la kawaida la kukerezea miguu ya viti. Lakini kwenye mhimili huohuo mtu anaweza kufunga msumeno wa duara na meza yake, au sahani ya msasa, au kekee ya kutobolea, au kichwa cha randa chenye visu viwili. Mota moja huvizungusha vyote kwa zamu. Kibao cha jina kimeliwa na kutu; yanasomeka tu maneno yanayosema kwamba imetengenezwa Uingereza. Kibao cha mota kimesalimika: nguvu ya farasi robo tatu, mizunguko 1,425 kwa dakika, umeme wa volti 230 hadi 250.

Wazo la mashine moja kufanya kazi nyingi lilichukua muda mrefu kukomaa. Mwaka 1777 Mwingereza Samuel Miller alipata hataza iliyotaja msumeno wa duara. Mwaka 1791 na 1793 Samuel Bentham naye alipata hataza za mashine za kuchonga mbao, zikiwamo za kupiga randa na kutoboa. Muda mfupi baadaye, mwanzoni mwa karne ya 19, Marc Brunel na fundi Henry Maudslay walijaza mashine katika karakana ya jeshi la majini huko Portsmouth ili kutengeneza makapi ya meli. Kila mashine ilikuwa na kazi moja tu, ikimpasia mwenzake mbao kama watu wanaopokezana matofali. Hivyo ndivyo kiwanda kinavyofikiri: kazi igawanywe, na kila kipande kipewe mashine yake.

Fundi mdogo hawezi kufikiri hivyo. Hana nafasi ya mashine tano wala fedha za mota tano. Kwa ajili ya mtu wa namna hiyo, mhandisi mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Marekani, Hans Goldschmidt, alibuni Shopsmith, iliyoanza kuuzwa mwaka 1947. Vita vilikuwa vimekwisha, na wanaume waliorudi nyumbani walitaka kujitengenezea vitu katika vyumba vidogo vya kuwekea magari. Toleo la Mark 5 lilifuata katika miaka ya 1950, na tarakimu hiyo inahesabu kazi zake tano: msumeno, kerezo, sahani ya msasa, kekee ya kusimama na kekee ya kulala. Uingereza nako, mjini Derby, kampuni ya Coronet ilitengeneza makerezo yaliyopokea msumeno na randa kwa namna hiyohiyo. Mashine yetu ni ya ukoo huo. Mashine za aina hii zilisafiri mbali kuliko zile za viwandani, kwa kuwa ziliingia katika sanduku moja na zilihitaji waya mmoja wa umeme.

Hata hivyo, nisingependa msomaji adhani kwamba kukereza kulifika Afrika Mashariki pamoja na umeme. Lugha yetu yenyewe inakataa. Neno kukereza ni la zamani katika Kiswahili, na mafundi wa Lamu na Siyu walisifika kwa samani zao kabla ya reli kujengwa. Ukiweka vifaa vya seremala mezani unaweza kusoma safari za watu: randa ni neno lililotoka Uajemi, msumari lilitoka kwa Waarabu, na meza yenyewe tuliipata kwa Wareno. Hakuna fundi anayeyaona maneno hayo kuwa ya kigeni. Anayaona kuwa ya kazi.

Uganda nako kazi ya mbao ina historia ndefu kuliko tunavyokumbuka. Alexander Mackay, mhandisi Mskoti wa Chama cha Misioni cha Kanisa la Uingereza, alifika Buganda mwaka 1878. Alikuwa na karakana yenye tanuri, kerezo na jiwe la kunolea, na watu walimpa jina la Kiswahili, Mzungu wa Kazi. Alipofariki Namasole, mama yake Kabaka Mutesa, mwaka 1882, Mackay ndiye aliyeombwa kutengeneza majeneza yake, la mbao ndani ya la shaba, nalo ndani ya la mbao. Mwaka 1922 shule ya ufundi ilifunguliwa kwenye kilima cha Makerere kwa wanafunzi 14 wa kutwa waliojifunza useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Chuo Kikuu cha Makerere kilianzia hapo. Sisi tunaoandika insha hizi mara nyingine tunawaona mafundi kama watu walioshindwa shule. Tukumbuke kwamba shule yenyewe ilianza na mafundi.

Sasa nirudi Kasese. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901, ikitumia wafanyakazi wapatao 32,000 walioletwa kutoka India. Miongoni mwao walikuwamo Masingasinga wa jamii ya Ramgarhia, ambao kwa jadi yao ni maseremala na wahunzi. Baadhi walibaki, na baada yao walikuja wengine. Watu wa Afrika Mashariki walizoea kuwaita wote Kalasinga, jina lililotokana na mfanyabiashara Kala Singh wa Nairobi. Njia ya reli ya magharibi ilifika Kasese mwaka 1956 kwa sababu moja kubwa, yaani shaba ya Kilembe, ambayo ilipelekwa kuyeyushwa Jinja. Palipo na mgodi na reli pana nyumba za kujengwa, milango, madawati na vitanda. Mafundi walifuata kazi.

Kwa maelezo ya bibi, mmoja wao alifungua karakana mjini Kasese, na babu aliajiriwa kwake akiwa kijana. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufagia maranda. Baadaye alipewa kupaka gundi, kisha kunoa, kisha akaruhusiwa kusimama mbele ya kerezo. Hapo ndipo alipojifunza Kiswahili. Singa hakujua Lukonzo, na babu hakujua lugha ya Singa, wala wafanyakazi wengine kutoka Congo na Ankole hawakuwa na lugha moja. Kiswahili kilikuwa lugha ya karakana. Katika vitabu vingi vya Uganda tunasoma kwamba Kiswahili kilikuwa lugha ya askari, na ndiyo maana watu walikichukia. Huko kwetu kilikuwa pia lugha ya mgodi, ya reli na ya mbao. Mpaka leo baba mdogo huita sehemu za mashine kwa maneno aliyorithi kwa babu: kichwa, mkia, kitanda, meza. Hajapata kuziita kwa Lukonzo.

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wenye uraia wa Uingereza wapewe siku 90 za kuondoka. Amri zilizofuata ziliwagusa hata wengi waliokuwa na uraia wa nchi nyingine au wasioweza kuthibitisha uraia wa Uganda. Waliokuwa na mali walitakiwa kuiorodhesha. Waliondoka na mizigo michache na fedha kidogo. Uingereza peke yake ilipokea watu zaidi ya 27,000. Maduka na viwanda viligawiwa, na baadaye mali iliyoachwa ikawekwa chini ya bodi ya serikali ya usimamizi wa mali za Waasia walioondoka.

Hayo ndiyo yaliyomo vitabuni. Bibi anaikumbuka kwa namna nyingine. Anasema babu alirudi usiku mmoja kwa lori la mbao, akiwa na mashine iliyofunguliwa vipande vipande na kufunikwa na masalio ya paina. Lori liliishia barabarani chini ya mlima. Wanaume sita walipandisha vipande kwa mabega. Kitanda kilibebwa na wawili, wakipumzika kila kona. Singa alikuwa amemwambia babu: nitunzie, nikirudi nitaichukua, nisiporudi ifanye kazi. Mashine haikuandikwa katika orodha yoyote. Katika miezi ile, kuonekana na mali ya Mwasia ambayo haikuandikwa kungeweza kumfanya mtu aitwe mwizi wa mali ya serikali. Kwa hiyo babu aliificha kwa miaka, na alipoanza kuitumia hakumwambia mtu ilikotoka. Ndiyo sababu hata wanawe hawakujua.

Jambo moja linanichekesha na kunihuzunisha. Mwaka 1973, mwaka mmoja baada ya kumfukuza Singa aliyemfundisha babu yangu Kiswahili, serikali hiyohiyo ilitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa.

Tatizo la babu lilikuwa nguvu. Bwesumbu hapakuwa na umeme. Mota ya nguvu ya farasi robo tatu ni karibu wati 560. Mtu mzima anayezungusha gurudumu kwa muda mrefu hutoa wati 75 hivi. Mashine ilihitaji zaidi ya watu saba kwa kazi iliyokuwa ya waya mmoja. Babu aliweka mota kando, akafunga rimu mbili za baiskeli pamoja, akazijaza saruji ili ziwe nzito, akapitisha kamba hadi kwenye puli ndogo ya kichwa. Gurudumu lake lilikuwa kubwa kuliko puli mara 12. Mtoto akilizungusha mara 50 kwa dakika, kerezo lilizunguka mara 600, na hizo zinatosha kukereza mti mbichi. Mtoto huyo alikuwa baba mdogo. Anasema aliichukia mashine tangu akiwa na umri wa miaka minane, na mimi namwelewa.

Msumeno na randa havikuwezekana kwa nguvu hizo. Kwa miaka mingi, mashine ya kazi nyingi ilikuwa mashine ya kazi moja. Walimu hutufundisha historia ya teknolojia kama ngazi: mkono, gurudumu, mvuke, umeme. Mashine ya babu ilishuka ngazi hiyo kutoka umeme hadi gurudumu la mtoto, kwa sababu ya amri moja ya kisiasa na mlima mmoja. Wala haikusimama kufanya kazi. Ilitoa michi ya vinu, miguu ya vitanda na ya viti, ambavyo babu alivipeleka hadi soko la Bwera na Mpondwe. Huko wanunuzi waliovuka kutoka Kasindi walipatana naye bei kwa Kiswahili kilekile cha karakana. Shaba ya Kilembe ilidorora, na mwaka 1982 uchimbaji ulisimama, lakini watu waliendelea kutwanga na kulala vitandani.

Kilichoisimamisha ni vita. Novemba 1996 waasi wa ADF walishambulia Mpondwe na Bwera, na kwa miaka iliyofuata watu wengi wa milimani walikimbilia kambini. Tarehe 8 Juni 1998 waasi hao walivamia Chuo cha Ufundi cha Kichwamba, wilaya jirani ya Kabarole, na kuwachoma moto wanafunzi wapatao 80. Nikitaja historia ya ufundi katika eneo letu siwezi kuruka tarehe hiyo, kwa kuwa hao ndio wangekuwa mafundi na walimu wa mafundi wa rika la wazazi wangu. Babu aliporudi kutoka kambini alikuta kamba imeoza na gurudumu limevunjwa. Hakuliunda tena. Aliifunika mashine kwa magunia, na akafariki bila kuifunua.

Sasa nieleze tulivyoiwasha, kwa ajili ya yeyote mwenye mashine kama hii nyumbani kwao.

Hatua ya kwanza ni kutochomeka kitu chochote kwenye umeme. Tulifungua kila sehemu na kuiweka juu ya turubai kwa mpangilio, na kila nati nikaichora katika daftari. Kutu ya juu ilitoka kwa mafuta ya taa na msasa laini. Sehemu zinazoteleza, kama nondo ya kitanda na shina la mkia, hatukuzigusa kwa tupa, kwa sababu ukizila kidogo tu kichwa na mkia havitazamani tena. Njia ya kupima ni rahisi: weka ncha mbili kali, moja kichwani na moja mkiani, uzisogeze hadi zikaribie kugusana. Zetu zilikutana. Baada ya kubebwa mabegani na kulala chini ya kahawa, bado zilikutana. Baba mdogo aliziangalia kwa muda mrefu, na tangu siku hiyo hakutaja tena mizani.

Hatua ya pili ni kuzungusha mhimili kwa mkono. Ulikuwa mzito, kwani grisi ya zamani ilikuwa imekauka kama nta. Tuliisafisha, tukatia mafuta mapya, tukauzungusha mpaka ukawa hauna mkwaruzo wala mchezo. Mkanda ulikuwa umepasuka, tukanunua mwingine.

Hatua ya tatu ni mota, na hapo ndipo nilipotaka kukata tamaa. Tuliipeleka Bwera kwa fundi wa kusuka mota, ambaye alipima kwanza kama umeme unavuja kwenda kwenye gamba la chuma. Haukuvuja. Alipoiwasha ilinguruma bila kuzunguka. Alizima haraka, kwa sababu mota inayonguruma bila kuzunguka huungua kwa dakika chache. Ugonjwa ulikuwa kapasita ya kuwashia. Alibadilisha, akaweka waya mpya wenye waya wa ardhi, na swichi ambayo umeme ukikatika na kurudi haijiwashi yenyewe. Kwa eneo letu, ambako umeme huenda na kurudi utakavyo, swichi hiyo si anasa.

Umeme wenyewe una historia yake. Mto Mubuku, unaoshuka kutoka Rwenzori, uliwekewa mtambo kwa ajili ya mgodi wa Kilembe, na mwaka 2009 ulizinduliwa mtambo mwingine wa megawati 13 huko Bugoye. Maji ya mlima uleule uliomlazimu babu arudi kwenye gurudumu ndiyo yanayozalisha umeme katika wilaya yetu leo.

Hatua ya nne ni hesabu ya mwendo. Hii ndiyo siri ya mashine za kazi nyingi na pia ndiyo hatari yake. Mhimili ni mmoja, lakini kila kazi inataka kasi yake. Mota yetu huzunguka mara 1,425. Puli ya milimita 100 kwenye mota na ya 50 kwenye kichwa hutoa mizunguko 2,850. Kwa msumeno wa milimita 200, meno husafiri karibu mita 30 kwa sekunde, na hiyo ni kasi nzuri ya kupasua. Lakini mtu akisahau kuhamisha mkanda, akafunga gogo la bakuli lenye upana wa milimita 300, ukingo wa gogo utakwenda karibu mita 45 kwa sekunde. Likiwa na ufa au halikukaa sawa, litarushwa. Ukibadilisha puli, ndogo ikawa kwenye mota na kubwa kwenye kichwa, unapata mizunguko 712, na ukingo unakwenda mita 11 tu. Kwa hiyo tumeandika kwa rangi ukutani: kabla ya swichi, tazama mkanda.

Hatua ya tano niliiruka, na nakiri hapa. Nyuma ya msumeno wa duara lazima kuwe na kisu kinachotenganisha ubao uliopasuliwa, ili usijifunge na kubana meno. Chetu kilikuwa katika mfuko wa vipande ambavyo sikujua kazi yake, nikakiacha. Ubao wa kwanza wa mkaratusi ulibana, ukatoka kwenye meza, ukapita pembeni mwa ubavu wangu, ukatoboa ukuta wa udongo. Hakuna aliyeumia. Bibi alitoka jikoni, akautazama ukuta, akasema kwamba babu alikuwa na sheria moja aliyoipata kwa Singa: usisimame kamwe mbele ya ubao, simama kando yake. Sheria hiyo ilikuwa imehifadhiwa miaka 50 na mtu ambaye hajawahi kugusa mashine. Mimi nilikuwa nimesoma habari za Bentham na Brunel, na nilisimama mbele ya ubao.

Tangu siku hiyo kisu kiko mahali pake, tuna kifuniko juu ya meno, na ubao mfupi husukumwa kwa kijiti wala si kwa vidole. Mikono mirefu ya shati hukunjwa. Kazi ya kwanza iliyokamilika ilikuwa mchi wa bibi.

Limebaki swali lake: mashine ni ya nani? Sheria ya mwaka 1982 iliwaruhusu Waasia walionyang'anywa mali kuidai, na katika miaka ya 1990 wengi walirudishiwa majengo na biashara. Lakini sheria hushughulikia kilichoandikwa. Mashine iliyowekwa mikononi mwa msaidizi, usiku, bila karatasi, haimo katika jalada lolote. Imo tu katika neno la Kiswahili alilotumia bibi, amana. Aliyewekeshwa amana hawi mwenye mali hata ikikaa kwake miaka hamsini, lakini pia haruhusiwi kuiacha iharibike. Singa alisema mambo mawili, na mwanzoni niliyaona yanapingana: nitunzie, na ifanye kazi. Sasa naona mashine ambayo haifanyi kazi haijatunzwa.

Chini ya kitanda, tulipokwangua kutu, tulikuta alama tatu zilizopigwa kwa patasi, moja ikiwa herufi. Nimezichora daftarini na kutuma nakala kwa wazee wa jamii ya Masingasinga Kampala. Mpaka ninapoandika sijapata jibu. Baba mdogo hukereza miguu ya viti siku nne kwa wiki. Sehemu ya deni la karo imelipwa, sehemu bado. Kila Jumamosi hutenga fedha kidogo katika kopo la maziwa ya unga, ambalo bibi amekataa liguswe hata kwa karo yangu. Nilipomuuliza ni za nini, alinijibu kama mtu anayemweleza mtoto jambo dogo:

"Ni za mkodisho. Atakayekuja kuuliza asikute mikono mitupu."